Mchele Wetu Ulipoitwa wa Kyela

Leticia alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kijijini Mchombe, kama desturi ya kwao inavyotaka kwa mtoto wa kwanza. Duka la mchele la Ifakara alimwachia mumewe, Fredy. Duka lenyewe ni chumba kimoja karibu na mashine za kukoboa, na wateja wake wengi hawajawahi kukanyaga humo. Ni watu wa Dar, Morogoro na Dodoma. Wanaona picha kwenye ukurasa wa Insta, wanapiga simu, na mchele unawafuata kwa basi.

Ukurasa huo aliufungua Leticia mwenyewe, kabla hata hajaolewa. Kilichompa taabu hakikuwa picha. Ni yale maneno machache yanayokaa juu kabisa, chini ya jina, ambayo vijana wanayaita bayo. Nafasi yake ni ndogo kama kiganja. Mara ya kwanza alianza kwa salamu na kumshukuru Mungu, nafasi ikaisha kabla hajautaja mchele. Akafuta, akaandika kwamba anauza mchele bora kwa bei nafuu, kisha akapitia kurasa za wenzake na kukuta kila mmoja anasema hivyo hivyo. Akakaa nayo wiki nzima. Mwishowe akaandika: "Mchele wa baba yangu, Mchombe, Ifakara. Ni Supa, hauchanganywi. Mpigie Leticia." Akaweka namba yake. Watu wakaanza kumpigia, na wengi walikuwa wanaanza kwa kuuliza baba hajambo.

Baba huyo, Mzee Valeriani, alifika Mchombe akiwa kijana kutoka upande wa Mahenge, enzi ambazo Kivukoni watu walikuwa bado wanavuka mto Kilombero kwa pantoni. Amelima mpunga katika bonde lile maisha yake yote. Msimu mzuri aliujua, na msimu wa maji kupanda hadi kwenye masuke aliujua pia. Mbegu yake ni Supa. Vijana walipohamia kwenye mbegu fupi zinazozaa haraka, yeye alikataa, akasema hawezi kulima kitu ambacho yeye mwenyewe hali. Alikuwa na uchungu mmoja ambao nyumbani kila mtu aliufahamu. Wanunuzi wakija na malori yao, mpunga unaondoka bondeni ukiwa wa Kilombero, na mjini unauzwa kama mchele wa Mbeya au wa Kyela. "Mchele wetu ukivuka Mikumi unabadilisha kabila," alikuwa akisema, na hakuwa akitania. Kwa hiyo binti yake alipomsomea ile bayo, mzee aliuliza kama kweli watu wa Dar wanaona neno Mchombe. Aliposikia kwamba wanaliona, akaenda kumweleza jirani.

Simu iliingia asubuhi moja ya mwezi wa sita. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Leticia alikuwa amekaa barazani akinyonyesha, mama yake Katarina akifua nepi, na Mzee Valeriani akigeuza mpunga uliokuwa umeanikwa kwenye turubai. Kwa kuwa mikono yake haikuwa na nafasi, Leticia aliiweka simu pembeni, akaifungulia spika.

Mpigaji alikuwa mwanamke. Alijitambulisha kwa jina la Atuganile, akasema ana mgahawa Tabata na ameagiza mchele kutoka kwenye ukurasa wao juma lililopita. Leticia alimshukuru. Yule mama hakuzipokea shukrani.

"Mchele nimeupika. Ni mzuri, sitasema uongo," alisema. "Lakini mimi kwetu ni Ipinda, Kyela. Mama yangu yuko huko mpaka leo, analima mpunga. Mfuko wenu umeandikwa Kyela, na karatasi ya basi inasema mzigo umetoka Ifakara. Sasa nataka mniambie, jina la kwetu mmelichukua kwa ruhusa ya nani?"

Leticia alimjibu kwa upole kwamba labda amekosea namba, kwa sababu wao wanauza mchele wa Mchombe na hawajawahi kuuza mwingine.

"Soma ukurasa wako, mdogo wangu," mama yule alisema, na akakata simu.

Leticia aliusoma palepale, mtoto akiwa bado titini. Bayo yake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maneno haya, kwa herufi kubwa: "MCHELE HALISI WA KYELA. DARAJA LA KWANZA. TUNATUMA NCHI NZIMA. MKURUGENZI: FREDY." Namba ya simu nayo ilikuwa ya Fredy; ya Leticia ilibaki kwenye picha za zamani tu, na lazima ndiko yule mama alikoitoa. Akashuka chini kwenye picha. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Valeriani, amesimama katikati ya mpunga uliokomaa, kofia mkononi. Picha hiyo Leticia aliipiga mwenyewe mwaka uliopita. Chini yake paliandikwa: "Mkulima wetu wa Kyela akiwa shambani."

Mzee alikuwa ameacha kugeuza mpunga. Alimwambia binti yake amsomee yote kwa sauti, na Leticia, aliyetamani kuruka lile la picha, hakuweza kuruka kwa sababu baba yake alikuwa amesimama nyuma yake na alikuwa anaiona sura yake mwenyewe.

Hakufoka. Katarina alisema baadaye kwamba ingekuwa afadhali angefoka. Aliuzoa ule mpunga wa kwenye turubai, ambao hata haujakauka vizuri, akauingiza ghalani, akafunga kufuli na kutia ufunguo kwenye mfuko wa shati. Chakula cha mchana hakula. Jioni, binti yake alipojaribu kusema kwamba yeye hakujua, mzee alimjibu kwamba anajua hakujua, na kwamba hilo halimpunguzii yeye uchungu wowote.

Fredy hakupokea simu siku ile. Alituma ujumbe kwamba ana mizigo mingi, na kwamba kesho anatuma gari la kuchukua mpunga.

Gari lilikuja kweli. Dereva alikuwa Ngusa, Msukuma mmoja mpole anayebeba mpunga wa watu wengi barabara ya Mlimba, na alikuja na Fuso tupu na vijana wa kupakia. Mzee Valeriani alimsalimia vizuri, akamkaribisha chai, kisha akamwambia ageuze gari. Ngusa alidhani ni mambo ya malipo, akaanza kueleza kwamba bosi Fredy amesema kila kitu kiko sawa.

"Mwambie bosi wako," mzee alisema, "mpunga wa Kyela akaufuate Kyela. Huku hatuna."

Leticia aliingia ndani, akafunga mizigo yake. Mama yake alimfuata mpaka chumbani akimkumbusha kwamba arobaini haijafika na kwamba mtoto hatakiwi vumbi la barabara. Aliongeza kuwa hasira zikiingia kwenye maziwa zinamdhuru mtoto. Leticia alimsikiliza huku anakunja kanga. Alimwambia mama yake kwamba hasira zimeshaingia kwenye maziwa tangu jana, na kwamba akikaa hapa ndiyo zitachacha. Katarina alipoona hamzuii, alimfunga mtoto vizuri kifuani kwa binti yake, akamwomba Ngusa aendeshe polepole. Ngusa aliendesha polepole mpaka Ifakara.

Fredy alikuwa dukani na wateja wawili. Alipowaona alifurahi kweli, akanyoosha mikono kumpokea mwanawe ambaye alikuwa amemwona siku moja tu. Leticia hakumpa. Macho yake yalikuwa ukutani, ambako mifuko mipya ilikuwa imepangwa hadi karibu na dari, myeupe, imechapwa KYELA kwa rangi ya kijani na picha ya suke la mpunga.

Aliwaomba wateja wasubiri nje. Fredy, alipoona hivyo, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. Alisema wateja walikuwa wamepungua. Alisema watu wa mjini wakitafuta mchele wanaandika Kyela, hawaandiki Mchombe, kwa hiyo ukurasa wa Mchombe hawauoni kabisa. Tangu abadilishe maneno, simu haitulii, na mizigo ya wiki moja sasa inazidi ya mwezi mzima wa zamani. Kila mwenye duka pale mashineni anafanya hivyo, na wengine wanachanganya kabisa na mchele mbovu. Yeye hajachanganya hata punje.

"Mchele ni ule ule," alisema. "Hakuna aliyepunjwa. Nani ameumia?"

"Baba yangu. Yuko kwenye picha, umemfanya mtu wa Kyela."

"Ile ni picha tu, Leticia. Hayo ni mambo ya matangazo. Huwezi kuyaelewa sasa hivi, ulikuwa umelala na mtoto."

"Nilikuwa nimelala," Leticia alisema. Alisema tena, taratibu, kama mtu anayeonja kitu: "Nilikuwa nimelala." Kisha akamuuliza huyo Mkurugenzi ni nani.

Hapo Fredy alikosea zaidi. Alicheka. Alisema wateja wakubwa wakiona jina la mwanaume wanaamini, si kwamba yeye anajikweza, ni biashara tu.

Leticia aliweka mizigo yake chini. Alimlaza mtoto kwenye kanga juu ya magunia matupu, akauchukua mfuko wa kwanza uliojaa, akaukata uzi, akaumwaga mchele kwenye beseni kubwa la kupimia. Mfuko aliugeuza nje ndani, maandishi yakapotelea ndani, akaujaza tena na kuushona. Akachukua wa pili. Fredy alimwambia aache, atajiumiza, mwili wake bado haujakaa sawa. Akamwambia pia kwamba mifuko ile ameichapisha kwa gharama. Leticia aliendelea. Wale wateja wawili wakachungulia mlangoni, wakatazamana, wakaondoka. Mtoto alipolia alimnyonyesha amekaa juu ya mchele, na aliposhiba aliendelea tena. Jasho lilimtoka na mgongo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza maishani aliona raha ya kumuumiza mtu anayempenda.

Jambo moja lilimshinda. Neno la siri la ukurasa Fredy alikuwa amelibadilisha, na hakumpa. Alisema atampa akitulia. Leticia alimwambia kwamba yeye hatulii, basi akae nalo, awauzie watu hewa, maana ghala la Mchombe limefungwa.

Ikawa hivyo. Simu ziliendelea kuingia, na mchele ukaisha. Fredy alijaribu kununua mpunga kwa wakulima wengine huko Kiberege, kwao, lakini harufu haikuwa ile, na mteja mmoja wa Dodoma akarudisha mzigo. Alimpigia mkwewe. Mzee hakupokea. Nyumbani Leticia alipika, alifua, aliongea na mtoto, na kwa mumewe alitoa majibu mafupi kama ya mtu wa kaunta. Fredy aliwaambia rafiki zake kwamba mzee anaua biashara ya binti yake kwa ajili ya neno moja. Rafiki zake wengine walikubaliana naye. Mmoja, mkubwa wao, alimwambia kwamba mzee wa watu humpigii simu, unakwenda.

Fredy, Leticia na mtoto wakaenda pamoja, kwa pikipiki mbili, siku ya Jumapili baada ya misa. Mzee Valeriani alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Fredy aliinama, akasema, "Shikamoo baba." Mzee alimtazama. Kuku walipita, jirani alipita na baiskeli akasalimia na akajibiwa. Fredy alibaki ameinama. Ilipoonekana kwamba atainama mpaka jua lizame, mzee akasema, "Marahaba. Kaa."

Kisha akaongea, na Fredy hakuthubutu kumkatiza. Mzee alimweleza juu ya kulala shambani miezi mizima kulinda mpunga, na ndege wanaoshuka kwa maelfu asubuhi. Alimweleza habari ya mwaka ambao maji yalichukua kila kitu, wakala mihogo ya kuomba. Alisema wanunuzi wa mjini wamemdhulumu mara nyingi kwa vipimo vya ujanja, na amewasamehe kwa sababu hakuwa na njia, na kwa sababu hawakuwa watu wake.

"Wewe nilikupa binti," alisema. "Nikakupa na mpunga. Vyote viwili umevifuta jina. Mkeo umemfuta, mimi umenihamisha wilaya. Ulitaka nibaki na nini?"

Fredy aliangalia chini. Alisema amekosa. Hakusema zaidi ya hapo, na huenda hilo ndilo lililomsaidia, kwa sababu mzee alikuwa amejiandaa kwa maelezo mengi. Fredy akatoa simu, akampa Leticia, na neno la siri akaliandika hapo hapo mbele ya baba mkwe wake.

Kilichofuata kilichukua mchana mzima na hakikuwa na furaha. Leticia alitaka kuirudisha bayo yake ya zamani ilivyokuwa. Fredy, kwa sauti ya chini lakini bila kukubali kushindwa kila kitu, alisema ile ya zamani ilikuwa nzuri kwa mtu ambaye ameshafika kwenye ukurasa, ila haimsaidii anayetafuta. Alisema watu wa mbali hawajui Mchombe iko wapi, na neno wanaloweza kulitafuta lazima litangulie. Ilimuudhi Leticia kwamba hapo alikuwa anasema kweli. Mzee alitaka iandikwe habari ya ndege na mafuriko. Katarina, aliyekuwa akimbeba mjukuu, alisema mnunuzi anataka kujua mchele utamfikiaje, hataki kujua nani alilala wapi.

Wakaandika, wakafuta, wakahesabu nafasi. Leticia alikataa neno "halisi," akasema ukishaliona neno hilo ujue kuna mtu anaficha jambo. Akakataa "bora" na "daraja la kwanza." Mwishowe ikabaki hivi: "Mchele wa Ifakara, kutoka Mchombe. Supa ya msimu huu, haijachanganywa. Tunakoboa ukishaagiza, tunatuma kwa basi. Leticia na Fredy." Jina la Fredy ndilo lililobishaniwa zaidi. Leticia hakulitaka. Aliyelirudisha ni mzee.

"Liacheni," alisema. "Siku nyingine wajue na wa kumgombeza."

Kisha akaenda akafungua ghala.

Leticia alifikiri mambo yameisha. Kesho yake alimpigia Atuganile, akamwomba radhi, akamweleza kwamba maneno yamebadilishwa na mifuko imegeuzwa. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema amepokea. Halafu akauliza: "Umeniambia mimi kwa sababu nilikushika. Wengine mliowauzia je?"

Swali hilo lilimkasirisha Leticia kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu hakuwa na wa kumkasirikia. Alizunguka nalo dukani siku mbili. Fredy alimsihi asifanye analotaka kufanya. Alisema kubadilisha maneno inatosha, hakuna duka linalojitangazia aibu, washindani watafurahi. Leticia alimwambia kwamba ukurasa ni wake na aibu ni yao wote, akaandika. Aliandika kwamba kwa wiki kadhaa mchele wao uliuzwa kwa jina la Kyela na kwamba haukutoka Kyela. Ulitoka Mchombe, shamba la baba yake. Anayetaka kurudishiwa chake apige simu. Na watu wa Kyela anawaomba radhi. Juu akaweka picha ya mzee na kofia yake.

Walipiga. Wengine walitukana, na matusi hayo Fredy ndiye aliyeyapokea, maana Leticia alimpa simu na kumwambia ni zamu ya Mkurugenzi. Hoteli moja ya Dodoma ilivunja oda yake ya kila mwezi. Wengi hawakusema chochote, wakanyamaza tu na hawakuagiza tena. Wachache waliandika kwamba mchele waliupenda na wataendelea. Atuganile hakuandika kitu. Mwisho wa mwezi aliagiza mifuko minne, akataka iliyogeuzwa, isiyoonyesha maandishi.

Msimu ule waliuza kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Fredy alirudi kwenye kazi yake ya zamani ya kukusanya mizigo stendi asubuhi, na jioni akawa anasaidia dukani. Wakaanza tena kuongea, kwanza habari za mtoto, kisha za mashine na umeme, kisha hata za kuchekesha, ingawa kulikuwa na mambo ambayo kila mmoja aliyazunguka kama shimo barabarani. Mzee Valeriani anaitikia shikamoo ya mkwewe bila kuchelewa. Lakini kila gari la mpunga linapopakiwa, anamtaka Leticia awepo.

Juzi, dukani, simu iliita wakati Leticia anapepeta chenga za mchele. Fredy akapokea. Alikuwa mwanaume mmoja wa Mbezi, anafungua supamaketi, anataka mzigo mkubwa, wa kila wiki. Fredy alisimama wima, akaanza kueleza jinsi wanavyokoboa na wanavyotuma. Kisha akasikiliza swali la yule mtu. Akamtazama mkewe.

"Hapana, bosi," alisema. "Si wa Kyela. Ni wa hapa hapa, Ifakara."

Yule mtu alisema basi hauhitaji, akakata, na Fredy akaishusha simu. Akaiweka mezani kwa nguvu.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona," Leticia alisema, akaendelea kupepeta.